Ng'ombe Azaapo na Kushindwa Kusimama: Fahamu Madini Anayohitaji

Ni alfajiri katika boma moja la Sironga. Ng'ombe wa maziwa amezaa salama jioni iliyotangulia na ndama anasimama vizuri. Lakini mama mwenyewe amelala, shingo ameigeuza ubavuni, masikio yake ni baridi na hataki kula. Mwenye boma anadhani ni uchovu wa kuzaa na anaamua kusubiri hadi mchana. Kusubiri huko kunaweza kumgharimu ng'ombe, na pamoja naye maziwa ya watoto na karo ya shule.

Hali hiyo huitwa homa ya maziwa. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu ng'ombe hana homa. Mwili wake hupoa. Kilichopungua ni kalsiamu katika damu. Mara nyingi hutokea ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, hasa kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi na waliokwisha kuzaa mara tatu au zaidi. Ng'ombe wa aina ya Jersey hushikwa kwa urahisi kuliko wengine.

Hesabu yake ni hii. Damu yote ya ng'ombe hubeba kalsiamu ya takriban gramu 3 tu. Lita moja ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ina zaidi ya gramu 2. Ukikamua lita 10, umetoa zaidi ya gramu 20. Pengo hilo lazima lijazwe kutoka kwenye mifupa, ambako asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa, na kutoka kwenye chakula. Mwili huchukua siku kadhaa kuifungua ghala hiyo. Ikichelewa, misuli hulegea, naye ng'ombe huanguka.

Kalsiamu ni moja tu kati ya madini saba ambayo mnyama huyahitaji kwa wingi kila siku. Mengine ni fosforasi, magnesiamu, potasiamu, sodiamu, klorini na salfa.

Fosforasi hujenga mifupa pamoja na kalsiamu na husaidia mwili kupata nguvu kutokana na chakula. Ng'ombe aliyeikosa hukonda, huchelewa kuonyesha joto, na huanza kutafuna mifupa, mbao au matambara. Udongo wetu mwekundu una asidi na huishika fosforasi kiasi kwamba nyasi huipata kwa shida. Pumba za ngano na za mahindi zina fosforasi nyingi, lakini kalsiamu kidogo.

Sodiamu na klorini ndizo chumvi ya kawaida. Nyasi nyingi zina sodiamu kidogo, ndiyo maana ng'ombe hulamba kuta, jasho la mtu au hata mkojo. Magnesiamu hutuliza mishipa ya fahamu. Ikipungua sana, ng'ombe hutetemeka, huanguka na kurusha miguu. Salfa huwasaidia vijidudu vya tumboni kutengeneza protini.

Potasiamu ni tofauti. Kwetu mara nyingi tatizo si uchache bali wingi. Mashamba ni madogo, ng'ombe hufugwa bandani, na samadi yote hurudishwa kwenye matete yaliyo karibu na banda. Matete hayo hujaa potasiamu. Migomba nayo ina potasiamu nyingi na maji mengi. Potasiamu ikizidi huzuia mwili kufyonza magnesiamu, na humfanya ng'ombe anayekaribia kuzaa ashindwe kutoa kalsiamu mifupani kwa haraka.

Mfugaji afanye nini?

Wiki tatu kabla ya kuzaa: Punguza migomba na matete yaliyotiwa samadi nyingi. Punguza pia desmodiamu, lusina na madini yenye kalsiamu nyingi. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ng'ombe anayeshibishwa kalsiamu wakati huu huzoea kuipokea tumboni, na mwili hausukumwi kufungua ghala la mifupa. Muulize afisa wa mifugo madini yanayofaa kipindi hiki.

Baada ya kuzaa: Rudisha majani ya jamii ya kunde na umpe madini ya ng'ombe wa maziwa kila siku, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Hakikisha mfuko una alama ya ubora ya KEBS na orodha ya viambato. Chumvi ya jikoni au magadi peke yake havitoshi, kwa kuwa havina kalsiamu wala fosforasi ya kutosha. Weka madini mahali pasiponyeshewa, na maji safi yawepo wakati wote. Kwa siku mbili au tatu za kwanza, usimkamue ng'ombe mwenye historia ya homa ya maziwa hadi kiwele kiishe. Ila ndama apate dang'a yake mapema.

Akianguka: Mwite daktari wa mifugo mara moja. Unapomsubiri, mweke ng'ombe alalie kifua, umwegemeze kwa magunia ya nyasi, kwani akilala ubavu tumbo hujaa gesi. Usimnyweshe soda, maziwa wala dawa yoyote kwa chupa. Koo lake limelegea na kioevu kinaweza kuingia mapafuni. Wala usinunue dawa ya kalsiamu ukamdunge mwenyewe: ikiingia haraka mshipani inaweza kusimamisha moyo. Daktari huitia polepole huku akisikiliza mapigo, na ng'ombe wengi waliotibiwa mapema husimama ndani ya saa chache.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ufugaji na huduma za mifugo ni kazi ya serikali ya kaunti. Afisa wa mifugo wa wadi yako yupo kwa ajili hiyo. Andika leo tarehe ambayo ng'ombe wako alipandishwa, uhesabu miezi tisa na siku chache, na umwone afisa huyo mwezi mmoja kabla ya siku ya kuzaa. Kinga ni bora kuliko tiba.