Kivuli cha Mnazi Kina Mwenyewe

Mtanzania akitajiwa nchi ya mvinyo, mawazo yake huelekea Dodoma, ambako mzabibu ulioletwa na wamisionari umeuzoea ukame hata ukavunwa mara mbili kwa mwaka. Ni wachache wakumbukao kuwa pwani ya kusini nayo ni nchi ya mvinyo, tena ya kale zaidi. Mwaka 1505, majeshi ya Wareno chini ya Francisco d'Almeida yalipoiteka Kilwa, mmoja wa waliokuwamo katika msafara huo aliandika habari za bustani za mji: michungwa na milimau, mboga zilizonyweshwa maji ya visima, na miti ya jamii ya mnazi iliyowapa wenyeji mvinyo na siki. Ngome na misikiti ya mji ule imebaki magofu. Bustani zake zingali zikiishi katika miti ya kijiji.

Avukaye leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani hupokewa na kuta za Gereza ufukweni, na nyuma yake huanza kijani. Minazi, miembe na mibuyu imezifunika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na njia nyembamba zapita baina ya nyumba na magofu kana kwamba mambo hayo mawili yalijengwa kwa pamoja. Kimya chake ni cha kijiji kilicho kazini: wanaume wengi wako baharini, wanawake visimani na mashambani. Mgeni aliyetoka katika joto la mjini hukaa kivulini, akashukuru, akadhani kivuli kile ni cha Mungu tu na hakina mwenyewe.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea, na pengine maofisa wetu kadhaa pia. Katika pwani yetu mnazi una mwenyewe hata pale ardhi iliposimama ni ya mwingine. Hurithiwa, huuzwa, huwekwa rehani. Mzee aliyeupanda alijua kuwa atangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuonja nazi ya kwanza, na kwamba mti huo waweza kuzaa hata miaka sitini, yaani baada yake yeye. Kivuli anachokifurahia mgeni ni akiba ya ukoo wa mtu.

Akiba hiyo hutolewa kwa njia nyingi, na si zote zipatanazo. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Likiachwa, upunga huwa kidaka, kidaka kikawa kitale, kisha dafu, koroma, na baada ya mwaka hivi, nazi. Likigemwa, hapana nazi kutoka karara lile. Mgema hupanda alfajiri na jioni, akakata ncha kwa kisu kikali, unene wa ukucha tu, akatungika kibuyu. Tembo la asubuhi ni tamu na halilevyi, na watu wa pwani wamelitumia tangu zamani kuumulia unga. Kufikia jioni limeanza kuchachuka. Likiachwa siku kadhaa huwa siki. Kwa Mwislamu wa visiwani, ambaye kileo ni haramu kwake, mti ule ule hubaki na manufaa. Lakini kwa mwenye shida ya fedha, tembo lina sifa moja isiyo ya nazi: hulipa leo. Akatae vipi mwenye mtoto mgonjwa? Naye akataye makuti mengi mno ya kuezekea huupunguzia mti nguvu ya kuzaa. Kila aukwaye mnazi anachagua baina ya leo na mwakani.

Tena mti hauchagui mwenyewe wa kuutunza. Mikoa ya Lindi na Mtwara ililijua hilo kwa gharama kubwa. Wananchi walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wengi waliiacha mikorosho yao mbali na makazi mapya. Bei za chini ziliwavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Korosho za Tanzania, zilizofikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, zilishuka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Mabibo, ambayo watu wa kusini huyageuza uraka wakati wa mavuno, yalioza porini pasipo mwokotaji. Hakuna aliyeamuru mikorosho ife. Ilitosha kuwatenga wenyewe na miti yao.

Mnazi nao una adui zake. Chonga hutoboa kilele na kuzaliana katika magogo yaliyoachwa yaoze. Na upo ule ugonjwa mkali wa pwani ya bara, usio na dawa: nazi changa hudondoka, upunga ukawa mweusi, makuti yakageuka manjano, na baada ya miezi michache kilele chote huanguka, shina likabaki limesimama kama nguzo ya simu. Kwa sababu ya balaa kama hizi Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafiti ukaendelezwa Mikocheni, Dar es Salaam. Utafiti ni jambo jema, ila mche haujifikishi wenyewe visiwani.

Ombi letu kwa wahusika wa wilaya ni dogo. Miche bora ivuke mlango wa bahari kabla ya masika. Apimaye kiwanja au njia ya watalii kando ya magofu na ahesabu minazi kwa majina ya wenyewe, mzaao na mchanga pia, kabla panga halijainuliwa. Fidia itolewe kwa miaka ambayo mti ungezaa, si kwa bei ya nazi zilizomo juu siku hiyo. Na ndugu zetu wa Kisiwani, Songo Mnara na Songo Songo wayachome magogo makavu mapema, chonga asije akapata pa kutagia, kisha katika shimo jirani wapande mwingine, na kuuzungushia miiba mbuzi wasiufikie.