Modemu imeganda: nani aruhusiwe kuianzisha upya?

Dawa ya modemu ya USB iliyoganda kila mtu anaijua: ichomoe, hesabu mpaka tano, ichomeke tena. Inafanya kazi vizuri, mradi mkono wako unafika. Kundi letu la utafiti lina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kilimani inayotuma vipimo vya mvua kwa modemu, na kufika pale ni mwendo wa saa nne, kipande cha mwisho kwa bodaboda. Modemu ikiganda, hata kuingia kwa mbali huwezi, maana njia ya kuingilia ndiyo hiyohiyo iliyoganda. Kwa hiyo programu iliyo kulekule inabidi iweze kuianzisha upya modemu yenyewe. Swali ni je, tuipe ruhusa kiasi gani?

Kwanza tuone kinachotokea. Kwenye Linux kila kifaa cha USB kina faili lake, mfano /dev/bus/usb/001/004: namba ya kwanza ni ya basi, ya pili ni ya kifaa. Programu inafungua faili hilo na kutuma ombi linaloitwa USBDEVFS_RESET. Tuliite riseti (si risiti ya dukani!).

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haikimbilii waya moja kwa moja. Inaanza kwa kuziambia draiva zote zinazokitumia kifaa hicho zisimamishe kazi. Draiva ambayo haikuandikwa kuelewa ujumbe huo inatenganishwa na kifaa, kisha inaunganishwa tena baadaye. Ndipo tundu la USB linapoamriwa kushusha nyaya mbili za data, D+ na D-, kwa pamoja, kwa milisekunde zisizopungua 10 (hii ni kwa USB 2.0). Kifaa kikiona hivyo kinasahau kila kitu, hata anwani yake, na kurudi kwenye anwani 0 kama kimechomekwa sasa hivi. Kerneli inakipa anwani na kusoma upya maelezo yake. Yakiwa yaleyale, kazi inaendelea. Yakiwa tofauti, kerneli inakihesabu kuwa ni kifaa kingine kabisa.

Hapo modemu zetu zina vituko. Nyingi ukizichomeka mara ya kwanza zinajifanya CD yenye programu za Windows, mpaka usb_modeswitch iziambie ziwe modemu. Baadhi, zikipata riseti, zinarudi kuwa CD! Maelezo yamebadilika, kerneli inatoa namba mpya, na 004 yako sasa ni 005. Programu iliyokariri 004 itabaki inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Itafute modemu kwa namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, usiitafute kwa namba ya faili.

Na riseti haikati umeme. Volti 5 zinabaki palepale. Kama kichakataji cha ndani ya modemu kimekufa ganzi kiasi cha kutosikiliza nyaya, riseti haitasaidia, unahitaji kukata umeme wenyewe. Ipo programu ya uhubctl kwa kazi hiyo, ila inategemea kigawa USB kinachoweza kuzima tundu mojamoja, na vya bei rahisi vingi haviwezi.

Sasa ruhusa. Kwa kawaida faili la kifaa linaweza kuandikwa na root peke yake, na ombi la riseti linakataliwa kama hukulifungua kwa kuandika. Ushauri unaozunguka mtandaoni ni kuweka kanuni ya udev yenye MODE="0666", kila mtu aandike, tatizo limekwisha. Mimi naona ni ushauri mbaya. Faili lile si kitufe cha riseti. Ni mlango wa kifaa kizima. Anayeweza kuandika humo anaweza kuiondoa draiva na kuzungumza na kifaa moja kwa moja. Kanuni hiyo ikigusa vifaa vyote, mtu asiye na ruhusa ya kufungua faili lako lililo kwenye diski ya nje anaweza kuisoma diski yenyewe, kipande kwa kipande, bila kupitia ruhusa za mafaili. Kwenye kompyuta ya maabara inayotumiwa na watu ishirini, hilo si jambo dogo.

Njia ninayoipenda ni kuuacha mlango umefungwa. Andika programu fupi inayofanya jambo moja tu, kuipa riseti modemu ile, imilikiwe na root, kisha kwa sudo mruhusu mtumiaji wa kawaida kuiendesha hiyo peke yake, bila vigezo vyovyote. Hakikisha mtumiaji huyo hawezi kuihariri, la sivyo umempa mashine nzima. Waandishi wa kerneli nao waliliona tatizo hili: tangu toleo la 4.6 la mwaka 2016, programu yenye mamlaka inaweza kufungua faili, ikajivua madaraka, kisha ikalikabidhi kwa programu ya kawaida. Hiyo ya pili ikiomba riseti wakati sehemu ya kifaa inatumiwa na draiva nyingine, inakataliwa.

Linganisha na Arduino Uno. Kule kufungua tu mlango wa siriali kunabadilisha waya wa DTR, na kupitia kapasita ndogo ubao unaanza upya. Ni rahisi sana unapopakia programu. Lakini mwenzako akifungua dirisha la kusoma siriali ili achungulie tu, hesabu uliyoiacha ikiendelea tangu asubuhi inarudi sifuri. Hakuna aliyeomba riseti, na imetokea.

Kwa kituo cha kilimani mpangilio ni huu: dakika kumi bila jibu kutoka kwenye mtandao, modemu inapewa riseti. Riseti tatu zikishindikana, Pi nzima inawashwa upya. Na kila riseti inaandikwa kwenye kadi ya SD, kwa sababu modemu inayohitaji riseti mara sita kwa siku huenda haina tatizo la programu hata kidogo. Inapotafuta mnara wa mbali inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na chaja hafifu haiwezi kuibeba. Hapo badilisha chaja.