Miiko ya Walioruhusiwa Kila Kitu

Likizo ya Desemba mpwa wangu alikuja kukaa kwangu na mashine ya PlayStation iliyokwisha kupita mikono mitatu, ndani yake mna mchezo wa Skyrim. Chai haijapoa, keshaniuliza: "Mjomba, huyu mtu wangu nimjengeje?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi miaka ile nilipokuwa mgeni: "Kwanza ni nani?" Akanikazia macho kama abiria aliyeuliza nauli akaambiwa ataje ukoo wake.

Ndivyo wanavyopokeana wachezaji wa The Elder Scrolls. Mfululizo huu wa kampuni ya Bethesda ulianza na Arena mwaka 1994, na tangu hapo umelea kabila la watu waliotawanyika duniani, wasiojuana sura, lakini wenye wazee wao, matani yao na ugomvi wao usiokwisha. Mgeni huja na hesabu: upanga upi unaumiza zaidi, pointi ziwekwe wapi. Wenyeji humrudisha nyuma. Skyrim, uliotoka tarehe 11 Novemba 2011, una mbari 10 za kuchagua, stadi 18, na mawe 13 ya baraka yaliyosimama porini, na kila kimoja kina faida yake. Mwenyeji hataki kuanzia huko. Anataka kujua mtu huyo katokea wapi, anamwogopa nani, na ni jambo gani hawezi kulifanya hata akilipwa dhahabu. Ukishajibu hilo la mwisho, mjengo hujitokeza wenyewe.

Mpwa wangu alichagua Orc mwenye shoka la mikono miwili, akamwapia: huyu hajifichi, hapigi mishale, hagusi uchawi. Magharibi ilipofika nilimkuta Orc wake amechuchumaa nyuma ya jabali, upinde mkononi, anamlenga jambazi anayeota moto. Nilicheka mpaka akakasirika. Kumbe hakujua kwamba ametumbukia katika utani mkuu wa kabila zima: kila mtu huanza akiwa mchawi, shujaa au kasisi, na kila mtu huishia kuwa mpiga mishale wa kuvizia. Si uvivu peke yake. Katika Skyrim stadi hukua kwa kutumiwa, na kunyata karibu na adui kunatosha kukukuzia stadi ya kuvizia. Mshale wa mtu asiyeonekana huumiza mara 2, na baadaye mara 3. Mishale yenyewe haina uzito hata ukibeba elfu. Isitoshe, jambazi uliyemchoma mshale wa bega huzungukazunguka kidogo, akajiambia ni masikio yake tu, akarudi kuota moto. Ukicheza bila kufikiri utateremkia huko, kama maji yanavyolijua bonde.

Shida ni kwamba Skyrim haujui kusema hapana. Mtu mmoja, katika maisha yaleyale, anaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold, kiongozi wa wapiganaji wa Jorrvaskr, bwana wa wezi wa Riften, na muuaji wa Dark Brotherhood aliyemtoa roho hata mfalme wa Dola nzima. Ukuu wa chuo ndio unaochekwa zaidi. Langoni unaombwa uoneshe uchawi mmoja mdogo, na baada ya hapo mwenye shoka lake anaweza kumaliza misheni zote akavikwa joho la mkuu wa wachawi, huku mara alizorusha uchawi zikihesabika kwa vidole. Aliyekuwa kila kitu si mtu tena, ni gunia la vyeo. Basi wachezaji wamejiwekea wenyewe miiko ambayo mchezo haukuwawekea.

Mwenye kushika miiko haruki kwa ramani kutoka mji hadi mji. Anatembea, au anakodi mkokoteni nje ya lango. Anakula na kulala, na akiingia mjini usiku anatafuta nyumba ya wageni, ingawa Skyrim ulipotoka haukuwa na njaa wala usingizi wa kumdhuru mtu. Anaingia chama kimoja tu. Walio wakali zaidi hucheza kwa roho moja: mhusika akifa, kafa, na kila kilichohifadhiwa kinafutwa, hata kama ni saa ya sitini na kilichomuua ni kuteleza mlimani. Nililijaribu hilo mara moja. Jitu lilimpiga mchawi wangu rungu moja, akaruka angani kama tiara iliyokatika uzi, nami nikakaa na huzuni ya kijinga siku mbili.

Wazee wa kabila hili ni watu wa Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, na hawakuachi ulisahau hilo. Kwao miiko ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Ukijiunga na mojawapo ya Nyumba Kuu tatu, iwe Redoran wa vita, Hlaalu wa biashara au Telvanni wa uchawi, mbili zilizobaki zimekufungia mlango. Cheo hakipatikani kwa kumaliza kazi tu. Stadi zinazothaminiwa na nyumba hiyo lazima uwe nazo kwa kiwango chake. Wala hakuna alama ya kukuonesha pa kwenda. Mtu anakuambia vuka daraja, fuata mto, ukiona mwamba uliochongoka kata kushoto, na pengine kakosea. Wazee husimulia kupotea huko kama babu zetu wanavyosimulia kwenda shule kwa miguu, na huchosha vilevile.

Lakini kwa Telvanni nawapa haki yao. Wachawi hao huishi katika minara iliyooteshwa kutokana na uyoga mkubwa, na kwenye vyumba vya juu hakuna ngazi. Asiyejua kupaa hana neno na mwenye nyumba. Dharau hiyo imejengwa ndani ya jengo, haikuhitaji bango la kumfukuza mtu. Na katika nyumba hiyohiyo ndimo lilimo suala ambalo nimeona watu wazima wakilichambua usiku kucha. Wadunmer, wenyeji wa nchi ile, wanamiliki watumwa, wengi wao Waargonia wenye magamba na Wakhajiit wenye sura za paka. Je, mhusika Mwargonia anaweza kuwa Telvanni? Mchezo unamkubalia: atapanda cheo hadi juu kabisa, huku akiwapita watu wa mbari yake waliofungwa bangili za utumwa. Wapo wanaosema ni mwiko, basi. Wapo wanaosema hakuna mhusika bora kuliko huyo: aingie, apande, na kwa siri awatumikie Twin Lamps, mtandao wa kuwatorosha watumwa. Akatokea wa tatu akauliza, alikuwa na umri gani alipoanza kuzoea? Swali hilo moja lilinipa mtu kamili, mwenye uso na mwendo, kuliko jedwali zima la pointi. Sikuweza kumcheza hata hivyo. Msomaji wa Bagamoyo au Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa ubishi wa makundi, hakuna kilichowahi kuvizidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Skyrim. Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi, amemuua Mfalme Mkuu Torygg akitumia nguvu ya sauti yake. Wafuasi wake wanasema lilikuwa pambano halali la kimila. Dola inasema ni mauaji. Nyuma ya mzozo kuna mkataba wa amani uliopiga marufuku ibada ya mungu Talos, na Thalmor, watawala wa Waaltmer, ndio wanaofuatilia nani bado anamwabudu kwa kificho. Walioutunga mchezo walikuwa wajanja: kila upande waliupaka doa ambalo huwezi kukosa kuliona. Hadithi inaanza na Dola ikitaka kukukata kichwa ilhali jina lako halimo kwenye orodha ya wafungwa. Nawe ukiingia Windhelm, mji wa Ulfric, unapokelewa na Wanord wawili wanaomtishia mwanamke wa Kidunmer. Wadunmer wenzake wamesongamana katika mtaa uliochakaa, na Waargonia hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta.

Ubishi ukishapamba moto, lazima atokee mtu na karata ya jalada. Ni jalada la siri linalopatikana katika ubalozi wa Thalmor, nalo linaonesha kwamba Ulfric aliwahi kutekwa na kuhojiwa nao, na kwamba wanachotaka ni vita viendelee. Watu wa Dola wanasoma humo kuwa Ulfric ni kibaraka. Watu wa Ulfric wanalishika jalada lilelile na kuonesha palipoandikwa kuwa ushindi wake nao hautakiwi. Kwa kelele tu, unaweza kudhani uko kijiweni siku ya Simba na Yanga. Tofauti ni kwamba shabiki wa Yanga hajavaa jezi nyekundu hata ndotoni, ilhali hapa mtetezi mkubwa wa Dola kwa kawaida amekwisha kumpigania Ulfric mpaka Solitude ikaanguka, na ushahidi wake anautoa kule alikohama. Ndiyo maana kuna adabu moja inayoshikwa sana, ya kumtenga mtu na mhusika wake. "Mtu wangu ni wa Stormcloak, mimi simo," anasema mbishi, na mwenzake haruhusiwi kumtukana aliyeshika mashine kwa dhambi za aliyeshika upanga. Anayevunja adabu hiyo huachwa aongee peke yake.

Si kwamba ni watu wa kununa muda wote. Kila mmoja anajua kuwa muuza duka ukimvika ndoo kichwani haoni tena, na unasomba bidhaa zake akiwa amesimama hapohapo. Kuna pia mchezo wa dawa: unakunywa dawa ya kukuza uponyaji, unavua na kuvaa upya pete ya utengenezaji dawa, pete inapata nguvu, dawa inayofuata inakuwa kali zaidi, na baada ya mizunguko michache una upanga wa kuua joka kwa pigo moja. Wanabishana kama ni udanganyifu. Mimi naona anayefanya hivyo kwa kucheka hana kosa. Anayefanya kisha akalalamika kwamba mchezo umekuwa rahisi, huyo amejitakia.

Mwenye kuheshimiwa kuliko mafundi wote wa hesabu ni bibi mmoja wa Marekani, Shirley Curry, aliyezaliwa mwaka 1936. Alianza kurekodi video zake za Skyrim akikaribia miaka 80, akawaita watazamaji wake wajukuu, nao wakaitikia. Mafundi wa modi, yaani wale wanaotengeneza vitu vyao na kuvitia ndani ya mchezo, walimtengeneza akawa mwandani unayeweza kusafiri naye milimani. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa watu hawa: kupewa makazi katika nchi yao.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mpwa wangu alifika pale ambapo kila mmoja wetu aliwahi kukwama. Kundi la Blades linamtaka amuue Paarthurnax, joka mzee aliyekuwa mkono wa kulia wa Alduin, mkuu wa majoka, katika kuwatesa wanadamu, kisha akageuka, akawafundisha wanadamu hao nguvu ya sauti. Ndiye mkuu wa watawa wa High Hrothgar. Ndiye pia aliyemsaidia Orc wetu muda wote. Delphine wa Blades anasema mpaka joka life, hakuna msaada tena, na mchezo haukupi neno la kumkatalia. Jambo hilo liliwaudhi wachezaji hata ikatengenezwa modi iitwayo The Paarthurnax Dilemma, inayokupa neno hilo. Mashine ya mpwa wangu ni ya zamani, haipokei modi.

Sikumwambia la kufanya. Alipanda mlima, akasimama mbele ya joka, upinde mgongoni, shoka lile la kiapo sijui aliliuza wapi. Akakaa kimya kitambo. "Huyu hamuui mwalimu wake," akasema, bila kuniangalia, akamteremsha Orc wake kwa miguu mpaka kijijini.

Juzi amenipigia simu. Misheni ile bado imo kwenye orodha yake, haijafungwa, na inamkera kila akiifungua. Akaniuliza kama kuna namna ya kuiondoa bila kumuua yule mzee. Nikamwambia hakuna.

"Basi ikae," akasema.