Likasi: Kazi ikiisha, nani atalipa lupitalo? Mambo ambayo mufanyakazi anapashwa kujua mbele ya kuenda pensheni

Kwa wazee wengi wa Likasi, kampuni ilikuwa kama muzazi. Kutokea wakati wa Union Minière, kisha na Gécamines kuanzia mwaka wa 1967, mufanyakazi alipata nyumba, poso, masomo ya watoto na lupitalo. Mutoto akipata homa usiku, mama alimubeba mpaka kwa munganga wa kampuni bila kuuliza bei. Ndiyo maana, mpaka leo, watu wengi wa Panda, Shituru na Kikula wanafikia miaka ya pensheni bila kujiuliza ulizo moja: kuanzia kesho, nani atalipa lupitalo?

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inalazimisha mwajiri kulipia matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake: munganga, dawa, kulazwa, hata meno. Lakini sheria hiyo inaweka mupaka: lazima hiyo inaendelea mpaka mwisho wa mapatano ya kazi. Siku mapatano yanaisha, lazima ya mwajiri nayo inaisha, isipokuwa kama kuna mapatano ingine ya wafanyakazi wa kampuni ile yenye inaongeza kitu. Na si mufanyakazi peke yake anayepoteza. Bibi na watoto wenye walitunzwa kwa jina lake wanatoka pia pamoja naye.

Watu wa hapa waliliona jambo hilo miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango wa kuacha kazi kwa mapenzi, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Franga za kutoka zilipokelewa mara moja. Magonjwa yanakuja kila mwaka.

Pensheni si bima ya afya

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba CNSS, ile yenye watu wengi wanaita bado INSS, italipa munganga. Kila mwezi, asilimia 18 ya mushahara inaenda kwa CNSS: 5 inatoka kwa mufanyakazi, 13 kwa mwajiri. Lakini, kufuatana na sheria ya mwaka wa 2016, franga hizo ni za mambo tatu: pensheni, musaada kwa jamaa, na hatari za kazi. Ugonjwa wa kawaida, kama presha, sukari ao malaria, hauko ndani.

Kuna mulango mumoja wenye wengi wanausahau: hatari za kazi. Mutu mwenye alitumika katika vumbi la mugodi ao moshi wa kiwanda, na kifua chake kimeharibika, anaweza kuomba ugonjwa wake utambuliwe kama ugonjwa wa kazi. Kwa hiyo, ni vizuri apimwe na munganga mbele ya kutoka, na achunge karatasi zote. Nyuma ya miaka kumi, bila karatasi, ni vigumu kuonyesha kwamba ugonjwa ulitoka kwa kazi.

Njia zenye ziko

Ya kwanza ni mutuweli ya afya. Ni chama chenye watu wanatia franga kidogo kidogo, na mugonjwa anasaidiwa na mufuko wa wote. Sheria ya mutuweli ni ya tarehe 8 Februari 2017. Uzuri wake: bei inaweza kufaa mutu wa pensheni. Uzaifu wake: kwa kawaida inalipa tu ku vituo vyenye imepatana navyo, mugonjwa analipa sehemu yake, na mwanamemba mupya anangoja kwanza miezi fulani mbele ya kutunzwa.

Ya pili ni bima ya kampuni, yaani asiransi. Sheria ya mwaka wa 2015 ilimaliza hali ya SONAS kuwa peke yake, na kampuni zingine zikaingia. Lakini bima hizo zinauzishwa zaidi kwa waajiri, bei inapanda na umri, na zinaweza kukataa ugonjwa wenye mutu alikuwa nao tayari.

Ya tatu ni mutoto mwenye kazi. Hapa kuna mutego: mwajiri wa mutoto analazimishwa kutunza bibi ao bwana na watoto, si wazazi. Kusema tu “mutoto wangu anatumika ku mugodi” haitoshi. Inafaa mutoto aulize ku ofisi ya wafanyakazi kama wazazi wanakubaliwa, na kwa bei gani.

Tena kuna mpango wa serikali wa afya kwa wote. Ulianzia Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 na wamama wanaozaa na watoto wachanga. Muzee mwenye presha hawezi kuutegemea kama njia yake leo.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kutia sahihi

– Munaandika mutu mupya mpaka miaka ngapi? Na mwenye yuko ndani munamutosha akifika umri gani?
– Ugonjwa wenye niko nao tayari, munalipa?
– Ni lupitalo gani ya Likasi yenye inapokea kadi yenu? Na kama wananituma Lubumbashi?
– Dawa za kila siku ziko ndani, ao kulazwa tu?
– Mimi nikikufa, bibi ao bwana wangu anabakia na haki?

Jambo kubwa ni wakati. Kwa CNSS, umri wa pensheni ni miaka 60, wanaume na wanawake sawasawa. Mwenye anaanza kutafuta akiwa na miaka 58, angali na mushahara na munganga wa kampuni, anaweza kumaliza miezi ya kungoja mbele kadi ya kampuni haijakufa. Mwenye anangoja mpaka aanguke, atakuta wale wa bima wanamuuliza kwanza: “Papa, ugonjwa huu ulianza lini?”