Mbwa wa Kijapani Aitwaye Akita, na Boma Lako

Mwezi uliopita mzee mmoja wa upande wa Isinya aliingia ofisini kwetu Kajiado, akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya mbwa mnene, mwekundu mgongoni na mweupe kifuani, masikio yamesimama, na mkia umejikunja juu ya mgongo kama mpini wa kikombe.

"Mwalimu," aliniambia (wengi huniita hivyo, maana nilisomea ualimu kabla sijawa karani), "huyu aitwa Akita. Mwanangu asema ndiye atakayewamaliza fisi. Nataka kuuza mtamba mmoja nimnunue. Wewe waonaje?"

Mtamba mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikamwambia, "Mzee, keti kwanza."

Kwa kuwa wasomaji wengine wa skimu zetu wameanza kuuliza habari za mbwa huyu, nitaeleza hapa yale niliyomweleza mzee. Mimi si daktari wa mifugo, lakini haya nimeyasoma na mengine nimeyaona.

Akita ni mkoa wa kaskazini mwa Japani, nchi ya milima na theluji nyingi. Huko wawindaji waitwao matagi walimfuga mbwa huyu kwa kuwinda dubu na nguruwe mwitu. Kazi yake ilikuwa kumfuata mnyama kimya kimya, kumzuia asikimbie, na kusimama naye mpaka bwana wake afike. Baadaye watu wa mji wa Odate wakawapiganisha kwa mchezo na kuwachanganya na mbwa wengine wakubwa, hata mbegu ya asili ikakaribia kupotea. Mwaka 1927 kikaanzishwa chama cha kumhifadhi, na mwaka 1931 serikali ya Japani ikamtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa, wa kwanza kati ya mbwa wa nchi hiyo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Chakula kilikuwa haba, mbwa wengi wakauawa, na ngozi zao zikashonewa mavazi ya askari. Waliowapenda waliwaficha milimani. Wengine waliwachanganya na mbwa wa Kijerumani, maana hao walihesabiwa kuwa mbwa wa jeshi na hawakuguswa. Baada ya vita askari wa Marekani walirudi kwao na baadhi yao, na ndiyo sababu leo kuna Akita wa aina mbili: wa Kijapani, na wa Kimarekani aliye mzito zaidi. Dume wa Kimarekani aweza kufika kilo 59, yaani zaidi ya mfuko mzima wa saruji.

Wengi wamesikia habari za Hachiko. Huyu alikuwa Akita wa Profesa Ueno Hidesaburo, mwalimu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupanga mashamba na kuongoza maji yake. Kwa hiyo ni mtu wetu sisi wakulima. Profesa alifariki ghafula kazini mwezi wa Mei 1925. Mbwa wake akaendelea kwenda kumngoja katika stesheni ya Shibuya karibu miaka kumi, mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935.

Mzee aliipenda sana habari hiyo. Nami naipenda. Lakini nilimwuliza: Hachiko alikuwa akimngoja mtu mmoja au alikuwa akilinda kondoo mia? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Akita humpenda bwana wake na watu wa nyumba yake, na humshuku mgeni. Ni mkaidi, ana akili, na habweki ovyo. Hawapatani na mbwa wengine, hasa dume kwa dume au jike kwa jike. Na kwa kuwa damu yake ni ya uwindaji, kitu kidogo kinachokimbia mbele yake hukiona kuwa windo, kiwe kuku, kiwe mwana-mbuzi.

Sasa mfikirie mbwa wa Kimasai, yule wa manjano mwenye mbavu za kuhesabika, ambaye hakuna amsifuye. Huyo hapigani na simba. Kazi yake ni kelele. Asikiapo harufu ya fisi au chui usiku hubweka mpaka watu waamke na kutoka na tochi, na mtu ndiye afukuzaye. Mbwa anyamazaye, hata awe mkubwa namna gani, hatakuamsha. Tena simba watokao Mbuga ya Nairobi na kupita nyanda za Kitengela, hasa wakati wa mvua, hawatishwi na mbwa mmoja. Na chui humpenda mbwa kwa chakula.

Kule Kitengela najua jamaa mmoja aliyeletewa Akita na mwanawe wa mjini. Alipokuwa mdogo watoto walimbeba. Alipotimiza miaka miwili aliruka ua usiku mmoja, akaingia kwa jirani, akaua kondoo saba na hakula hata mmoja. Jirani alilipwa, lakini hawasalimiani mpaka leo. Katika skimu, ambako ng'ambo ya ua wako ni mifugo ya mwenzako, hili si jambo dogo.

Kuna mbwa waliozaliwa kwa kazi ya kulinda mifugo, kama wale wa Anatolia huko Uturuki, ambao hulelewa pamoja na kondoo tangu wadogo. Namibia wamekuwa wakiwagawia wafugaji tangu 1994 ili kuwaepusha duma. Lakini hata hao hutaka malezi ya subira. Kwetu, boma la waya imara na taa za kumeta zimesaidia wengi. Taa hizo zilibuniwa na kijana wa papa hapa Kitengela, Richard Turere, aliyezieleza mbele ya watu huko California mwaka 2013.

Ikiwa Akita umekwisha kuwa naye, usimtupe. Mzoeshe watu na wanyama tangu ana miezi miwili, na ua wake uwe mrefu. Manyoya yake ni mazito, ya tabaka mbili. Usimnyoe, bali mchane, umpe kivuli na maji tele, na umtembeze alfajiri au jioni. Ndani ya manyoya hayo kupe hujificha: pitisha vidole masikioni, makwapani na kati ya vidole vya miguu mara mbili kwa juma, maana homa ya kupe huua upesi mbwa wa kigeni. Mlishe mara mbili kwa siku kuliko mara moja kwa wingi, asivimbe tumbo. Ugali mtupu haumtoshi.

Mambo mawili yawahusu mbwa wote, wa bei na wasio na bei. Kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu na kila mwaka. Mtu akiumwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Pili, usimtupie mbwa maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Humo mna tegu, ambaye mayai yake hutoka kwa mbwa na kumwingia mtoto achezaye naye, na vifuko vile vile vikaota katika ini la mtoto. Ugonjwa huu unajulikana sana Umasaini na Turkana. Choma vitu hivyo au vifukie chini sana, na umwombe daktari wa mifugo dawa ya minyoo.

Mzee aliondoka bila kusema ameamua nini. Juma la pili alirudi kuuliza bei ya waya wa boma, na siku ya chanjo, kwa kuwa mbwa wake watatu wa manjano hakuna hata mmoja aliyewahi kuchanjwa.