Mswada wa fedha ndio mtihani wa chama cha wafanyabiashara Eldoret

Tangu Rais William Ruto aikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji Agosti 15, 2024, mazungumzo mengi kuhusu uchumi wa hapa yamewahusu wawekezaji wakubwa wanaotarajiwa. Hawazungumziwi sana wale ambao tayari wapo: wauza nafaka, wenye maduka ya pembejeo, mafundi wa magari, wauza mitumba, wenye malori yanayoelekea Malaba na Kampala. Jiji hili limesimama juu ya mabega yao, na sehemu kubwa ya ada na kanuni zinazowabana hutungwa hapa hapa, katika bunge la kaunti ya Uasin Gishu. Ndiyo maana naamini Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda (KNCCI) kitawafaa zaidi kikiweka nguvu zake katika bunge hilo kuliko kwingine kokote.

Chama hiki kiliundwa mwaka wa 1965, pale vyama vitatu vilivyotenganishwa na rangi, cha Waafrika, cha Waasia na cha Wazungu, vilipounganishwa. Kwa miongo mingi kilichungulia Nairobi tu, na hilo lilieleweka kwa kuwa maamuzi makubwa yalitoka huko. Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Leseni za biashara, masoko, maegesho na ushuru wa mazao sasa viko mikononi mwa kaunti. Chama cha Watengenezaji Bidhaa (KAM) na Muungano wa Sekta ya Kibinafsi (KEPSA) vina sauti nzito mbele ya serikali kuu, lakini mwenye duka la rejareja mtaani Langas hana mlango wa kuingilia huko. KNCCI ina matawi katika kaunti zote 47. Huo ni utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo.

Chukua gari la viazi linalotoka nyanda za juu za Elgeyo Marakwet kwenda Kisumu kupitia Eldoret na Kapsabet. Linapita kaunti nne, na kila mpaka ni mahali ambapo dereva anaweza kudaiwa ushuru wa mazao. Kifungu cha 209 cha Katiba kinasema wazi kwamba kaunti zisitumie mamlaka yao ya kutoza kodi kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yao wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Lakini mfanyabiashara mmoja hawezi kukabiliana na serikali nne kwa sababu ya magunia ya viazi. Hulipa, kisha hupunguza bei anayompa mkulima au huongeza ile anayomtoza mama wa sokoni. Chama chenye tawi katika kila mojawapo ya kaunti hizo kinaweza kuwaketisha pamoja mawaziri wanne wa fedha wa kaunti na kudai stakabadhi moja itakayotambuliwa safari nzima.

Kuna watakaosema kwamba wananchi tayari hushirikishwa, maana sheria inataka maoni yao yasikizwe kabla ya mswada wa fedha wa kaunti kupitishwa. Ni kweli. Lakini mswada huo huja na majedwali marefu ya ada: kila aina ya biashara ina mstari wake, duka dogo, la wastani, kubwa, kinyozi, hoteli, bohari. Kinyozi atakayefunga kazi mchana kutwa ili ahudhurie kikao anapoteza mapato ya siku, na akifika huko atazungumza dakika chache bila kuwa na jedwali la mwaka uliotangulia la kulinganisha. Kazi ya tawi ni kuweka mtu anayejua hesabu, ayasome majedwali hayo mstari kwa mstari, aonyeshe ada ipi imepanda na kwa kiasi gani, na aisambaze taarifa hiyo sokoni kabla ya siku ya kikao.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka wa 2016. Ulihesabu biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4 nchini, na kati yake ni kama milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Utafiti huo ulikadiria pia kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano, na uhaba wa pesa za kuendeshea shughuli ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kwa biashara ya namna hiyo, nyongeza ya shilingi elfu mbili kwenye leseni si jambo dogo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linahusu chama chenyewe. Wengi hukiona kuwa klabu ya matajiri, na mizozo ya uongozi iliyofika mahakamani imekipaka tope. Wengine hutamani mfumo wa Ujerumani, ambako karibu kila kampuni ni mwanachama kwa lazima, hivyo chama hakikosi pesa wala uwakilishi. Hapa kwetu njia hiyo imefungwa: Kifungu cha 36 cha Katiba kinakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kinachobaki ni kuwavuta watu kwa hiari. Vyama vya masoko, saccos za matatu na vikundi vya bodaboda tayari vimejipanga, vina viongozi na rejista. Viandikishwe kama wanachama, vilipe ada ya kikundi, na vipewe kura katika uchaguzi wa tawi. Mwenyekiti atakayehitaji kura za wauza mitumba hatasahau ada za vibanda.

Huduma nyingine za chama zina thamani yake. Cheti cha asili ya bidhaa, kwa mfano, humsaidia muuzaji wa nje kumthibitishia mnunuzi kwamba mzigo umetoka Kenya, na tawi linaloshughulikia ombi hilo karibu na mteja humwondolea safari ya Nairobi. Lakini wanaouza ng'ambo ni wachache, na wanaoiuzia kaunti yenyewe ni wengi. Kufikia katikati ya 2024, kwa mujibu wa Msimamizi wa Bajeti, serikali za kaunti kote nchini zilikuwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 150. Nyuma ya deni hilo kuna mtu aliyekopa benki ili apeleke saruji au dawa, na riba haimsubiri. Akilalamika peke yake anaogopa kunyimwa zabuni ijayo. Tawi likikusanya ankara za wanachama wake na kuziwasilisha kama orodha moja isiyo na majina, yenye kiasi na tarehe pekee, mbele ya kamati ya bajeti kila Mei, madiwani watajua kilichokwisha kupokelewa na hakijalipwa kabla hawajaidhinisha matumizi mapya.