Petroli, gesi au umeme: nani ahame kwanza?

Gari dogo kama Toyota IST hula takriban lita 7 za petroli kwa kilomita 100. Kwa shilingi 2,800 kwa lita, bei iliyozungukia hapo Dar es Salaam kwa sehemu ya mwaka 2025, safari hiyo inagharimu 19,600. Gari hilohilo likifungwa gesi asilia, gharama inashuka hadi kama 7,300, maana kilo moja ya gesi, inayouzwa 1,550, ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Gari la umeme la ukubwa huo linahitaji yuniti kama 17, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 za TANESCO kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, ni 6,000 na ushei.

Petroli imeshindwa vibaya. Hata hivyo, kabla hujampelekea fundi gari lako, piga hesabu ya kilomita zako.

Tuseme kufunga gesi kunakugharimu milioni 2. Kila kilomita 100 unaokoa kama 12,300, kwa hiyo fedha yako inarudi baada ya kilomita 16,000 na kidogo. Dereva wa teksi anayezunguka kilomita 150 kwa siku atazimaliza ndani ya miezi minne, na baada ya hapo anachookoa ni chake, hesabu ya tajiri ikishalipwa. Mwenye gari la kwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, atasubiri zaidi ya miaka miwili, huku mtungi ukimlia nafasi ya buti. Huyu wa pili ningemshauri atulie kwanza. Vituo vya gesi bado ni vichache, na foleni zake ndefu zinamuumiza zaidi yule ambaye muda wake barabarani ndio ugali wa watoto.

Ukiamua kufunga, usikubali ujanja wa mtungi. Gesi ya magari hushindiliwa hadi bar 200, shinikizo ambalo mtungi wa jikoni haukutengenezwa kulibeba hata kidogo. Dai cheti cha mtungi na tarehe ya kupimwa tena. Fundi asiyekuwa navyo, ondoka kwake hata kama bei yake ni nusu.

Upande wa umeme, kishawishi kikubwa ni Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani. Matoleo ya kwanza yalikuwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyo na mfumo wa kuipoza kwa maji, na joto huichosha betri ya namna hiyo. Kwenye dashibodi kuna vistari 12 vinavyoonyesha afya yake. Vikibaki 8, karibu theluthi ya uwezo imekwenda, na gari lililokuwa likifika kilomita 150 sasa litakuachia kama 100. Kwa mizunguko ya mjini zinatosha. Kwa safari ya Morogoro, hapana. Asiyekuwa na mahali pa kuchajia nyumbani asinunue kabisa.

Naamini kwa dhati kwamba nchi inapaswa kuachana na mafuta. Petroli na dizeli zote tunaziagiza nje kwa dola. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni pekee ili kuwapunguzia wananchi makali. Fedha hiyo iliungua ikaisha. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Vyote ni vyetu.

Ila gesi nayo si ya milele. Inapoungua hutoa hewa ya ukaa, pungufu tu ya petroli, na ikivuja kabla ya kuungua huongeza joto la dunia kwa kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo nisingependa kuona kila gari la nyumbani likikimbilia mtungi. Gesi iwekwe kwanza kwenye bajaji, teksi na daladala, na vituo vipya vijengwe karibu na vijiwe vyao, Mbagala na Gongo la Mboto, kabla ya kufikiria Masaki.